MIFARISHI YA GEE'S BEND: RANGI NA ALAMA NDOGO KATIKA KUSOMA HISTORIA

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi wanawake wa kijiji kimoja cha jimbo la Alabama, Marekani, walivyotumia rangi na alama ndogo katika kushona mifarishi, na kuonyesha kwamba kazi zao zastahili kusomwa na mwanahistoria kwa uangalifu uleule autumiao katika kusoma hati ya kale. Kijiji chenyewe huitwa Gee's Bend. Mifarishi yake imepata sifa kubwa tangu mwaka wa 2002, ilipoonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York. Lakini sifa hiyo ilikuja pamoja na maelezo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yawapunguzia washonaji haki yao. Maelezo ya kwanza husema kwamba uzuri wa mifarishi hii ulizaliwa na umaskini: hapakuwa na nguo ila matambara, na matambara yakajipanga kama yalivyopatikana. Maelezo ya pili husema kwamba uzuri huo ni bahati ya ajabu, kwa kuwa mifarishi yafanana na picha za wachoraji wa kisasa ambazo wanawake hao hawakupata kuziona. Katika maelezo yote mawili akili ya mshonaji haipo. Nitajaribu kuonyesha, kwa kufuata vitu vidogo, kwamba ipo.

Maneno mawili: kiraka na kipande

Kwanza yatupasa kutengeneza maneno yetu. Neno mfarishi limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kutandika. Ni tandiko au nguo ya kujifunikia iliyofanywa kwa tabaka mbili za kitambaa, na baina yake pamba, kisha zote zikashonwa pamoja ili pamba isihame. Neno hilo latosha kwa kazi tunayoitazama hapa, wala hatuna haja ya kuazima jingine.

Tabu iko katika neno kiraka. Kiraka katika lugha yetu ni nguo iliyowekwa juu ya tundu. Hudhaniwa kuwa dalili ya ufukara, na mtu akisema kwamba kazi fulani ni ya viraka, amekusudia kuitia ila. Basi anayeuita mfarishi wa Gee's Bend nguo ya viraka amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutazama. Sehemu za mfarishi huo hazikuwekwa ili kuziba tundu. Kila moja imekatwa, ikapimwa kwa jicho, ikawekwa kando ya nyingine kwa ajili ya sura ya kazi nzima. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia neno kipande kwa sehemu iliyochaguliwa ili kujenga sura ya mfarishi, na neno kiraka kwa ile iliyofunika tundu tu. Tutaona baadaye kwamba mara nyingine kiraka cha kweli, kilichoshonwa juu ya goti la suruali miaka mingi kabla, huingia katika mfarishi na kugeuka kuwa kipande. Hapo ndipo tofauti hii inapopata nguvu yake.

Nchi na watu wake

Gee's Bend ni rasi ya nchi kavu katika wilaya ya Wilcox, kusini-magharibi ya mji wa Selma. Mto Alabama huizunguka pande tatu, hata wenyeji wake walikaa kama watu wa kisiwani. Jina lake limetokana na Joseph Gee, mwenye shamba aliyefika huko kutoka North Carolina mwaka wa 1816 pamoja na watumwa wake, akaanza kulima pamba. Mwaka wa 1845 shamba hilo lilipita katika mikono ya jamaa yake, Mark Pettway, kwa ajili ya deni. Pettway alihamia huko, na watumwa wake wapatao 100 walitembea kwa miguu kutoka North Carolina hata Alabama. Walichukua jina la bwana wao. Ndiyo sababu hata leo washonaji wengi wa Gee's Bend huitwa Pettway bila ya kuwa ndugu wa damu.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, watu hawa walibaki palepale wakiwa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Pamba ilipungua bei katika miaka ya 1920, na madeni yakakua. Mwaka wa 1932 mfanyabiashara mmoja wa Camden, aliyekuwa akiwakopesha, alifariki dunia, na warithi wake wakadai madeni yote mara moja. Wanyama, majembe, mikokoteni na hata akiba ya chakula vilichukuliwa. Msalaba Mwekundu ulileta chakula, na baada ya hapo serikali ya Marekani iliinunua ardhi hiyo, ikawauzia wenyeji mashamba na nyumba kwa mikopo. Jambo hili lina uzito katika historia yetu, kwa maana watu wengi wa Gee's Bend walipata kumiliki mahali walipokaa, wakati ambapo majirani zao walikuwa wakihamahama. Mtu mwenye nyumba yake huweza kurithisha mtindo wa kazi pamoja na nyumba.

Serikali hiyo ilituma pia mashahidi. Mwaka wa 1937 Arthur Rothstein alipiga picha za kijiji, na mwaka wa 1941 Robert Sonkin alirekodi nyimbo na mazungumzo ya wenyeji. Katika picha za Rothstein twaona kuta za mbao zilizobandikwa magazeti ili kuzuia upepo, na twamwona Jorena Pettway akiwa na mfarishi anaoushona. Picha hizo hazina rangi. Kwa hiyo kumbukumbu ya serikali yatupa nyuso za watu na kuta za nyumba, lakini rangi za maisha yao yatupasa kuzitafuta katika mifarishi yenyewe.

Pamba na neno marekani

Msomaji wa Kiswahili anayo njia yake mwenyewe ya kuingia katika historia hii. Neno marekani, mbali ya kuwa jina la nchi, ni jina la nguo ya pamba isiyopaushwa iliyojulikana pwani na bara tangu karne ya 19. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka wa 1833, na mwaka wa 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo. Merikebu za Salem zilileta majora ya nguo zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Katika misafara ya bara marekani ilihesabiwa kwa mikono, kwa shuka na kwa doti, ikawa sawa na fedha.

Pamba iliyofumwa katika viwanda hivyo ilitoka katika majimbo ya Kusini, nayo ililimwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata njia ya pamba, marekani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Neno lilibaki. Wakati uleule watu waliolima pamba hiyo walipewa kwa mwaka nguo chache tu za kitambaa kigumu na duni, zilizovaliwa mpaka zikachanika. Yaani nguo iliyokuwa mali na heshima huku kwetu ilianza safari yake katika mashamba ya watu wasiokuwa na nguo ya kutosha. Kwa hiyo tutazamapo jinsi binti na wajukuu wa wakulima hao walivyotumia kila kipande cha kitambaa, hatutazami jambo geni kabisa. Twatazama upande wa pili wa neno tulilo nalo wenyewe.

Jinsi mfarishi unavyojengwa

Kazi ya mfarishi katika Gee's Bend ilikuwa na hatua mbili, na tofauti ya hatua hizo ni muhimu katika hoja yetu. Hatua ya kwanza ni kuunga vipande vya uso wa juu. Kazi hii mwanamke aliifanya peke yake, nyumbani kwake, baada ya kazi za shamba. Yeye ndiye aliyeamua rangi gani ikae wapi. Hatua ya pili ni kushona tabaka tatu pamoja: uso, pamba na kitambaa cha chini. Hii ilifanywa mara nyingi na wanawake kadhaa waliokaa kuuzunguka mfarishi uliotandazwa juu ya kiunzi, huku wakiimba na kusali. Pamba ya ndani iliokotwa katika mabaki ya mavuno na sakafu za viwanda vya kuchambulia, kisha ikapigwapigwa ili itawanyike. Kitambaa cha chini aghalabu kilikuwa magunia ya unga, ya sukari au ya mbolea, na mara nyingine maandishi ya gunia yaonekana bado upande wa nyuma.

Basi mfarishi mmoja hubeba saini za namna mbili. Mpangilio wa rangi ni wa mtu mmoja. Mistari ya sindano, ambayo mara nyingi hupinda kama tao kwa kufuata mwendo wa mkono unaozunguka juu ya kiwiko, ni ya kundi zima. Mtazamaji akichanganya mambo haya mawili, atasema kwamba mfarishi ni kazi ya kijiji isiyo na mwenyewe. Na ndivyo wengi walivyosema kwa muda mrefu kuhusu kazi za mikono za wanawake.

Miundo inayorudiwa ina majina yake. Upo uitwao Paa la Nyumba, ambao vipande virefu huzunguka kitovu cha mraba, mzunguko juu ya mzunguko, hata kufika pindoni. Upo Mwashi wa Matofali, ambao vipande hupanda ngazi kwa ngazi kutoka katikati. Upo Msichana Mvivu, ambao ni mistari mirefu tu iliyolazwa sambamba. Na mwanamke akiacha miundo yote na kufuata shauri lake mwenyewe, mfarishi wake huitwa Njia Yangu. Jina hili la mwisho latosha kutuonya. Watu walio na neno maalumu la kutenga kazi iliyofuata kanuni na kazi iliyoacha kanuni hawashoni kwa kubahatisha.

Tena kazi hizi zilikuwa na watazamaji wake. Majira ya kuchipua yalipofika, mifarishi yote ya nyumba ilitolewa nje na kuanikwa kambani ipigwe na jua. Wanawake walitembea kutoka nyumba hata nyumba wakitazama, wakisifu, na kuchukua mawazo. Jambo jema la jirani lilirudiwa mwaka uliofuata kwa kubadilishwa kidogo. Kabla ya jumba lolote la sanaa kuijua Gee's Bend, kamba za nguo zilikuwa maonyesho yake.

Rangi ya nguo za kazi

Tuanze na rangi iliyo nyingi kuliko zote katika mifarishi ya zamani iliyosalia, yaani buluu ya nguo za kazi, kitambaa kizito ambacho leo twakiita jinzi. Rangi yake ni nili. Sisi twaijua nili kwa kaniki, na tabia yake ni ileile kila mahali: huushika uzi kwa nje, haipenyi hata kiini. Nguo inaposuguliwa, nili hutoka na weupe wa uzi hujitokeza. Kwa hiyo suruali ya mkulima huandika yenyewe maisha ya aliyeivaa. Magoti hupauka kwanza, kwa kupiga magoti shambani. Mapaja hupauka kwa jua. Lakini mahali palipofunikwa na mfuko hapapauki. Mfuko ukitolewa, chini yake hubaki umbo la buluu nzito, pamoja na matundu madogo ya mshono wa zamani.

Washonaji wa Gee's Bend walipofungua nguo hizi kuukuu, hawakuzitupa sehemu zenye alama. Katika mifarishi ya nguo za kazi ya miaka ya 1930 hadi ya 1970 twaona umbo la mfuko limewekwa wazi katikati ya kipande kilichopauka, au goti lenye kiraka limeelekezwa mahali ambapo jicho litalikuta. Mtu aliyetaka kuficha umaskini wake angeweza kukigeuza kitambaa, kwa maana upande wa ndani haupauki kama wa nje. Hawakukigeuza. Walitumia daraja za buluu moja, kutoka nyeusi-buluu hata karibu ya nyeupe, kama mchoraji atumiavyo rangi moja iliyochanganywa na maji kwa vipimo mbalimbali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfarishi ulioshonwa na Missouri Pettway mwaka wa 1942, ambao sasa umo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Mumewe alikuwa amefariki, naye akachukua nguo zake za kazi, suruali na mashati, akazifanya mfarishi. Binti yake, Arlonzia Pettway, aliyemsaidia akiwa msichana, aliieleza habari hiyo miaka mingi baadaye: mama alitaka kumkumbuka mumewe, na kujifunika kwa nguo zake. Mfarishi huo una urefu wa sentimita 229 hivi na upana wa 175. Ndani yake mna buluu iliyopauka, kijivu, weupe wa gunia, na vipande vichache vya rangi ya udongo na wekundu. Kitu cha kushika ni uchache wa rangi kali. Vipande vyekundu vimewekwa kwa kiasi, navyo huitia uhai buluu inayovizunguka bila ya kuishinda.

Mwanahistoria atauliza: mfarishi huu wathibitisha nini? Kwanza wathibitisha kwamba mtu fulani alifanya kazi fulani kwa miaka mingi, kwa maana nguo zake zimechakaa mahali ambapo nguo za mkulima huchakaa. Pili wathibitisha kwamba aliyezipanga alijua kuusoma uchakavu huo. Kwa mkulima mweusi wa Alabama wa mwaka wa 1942 kumbukumbu zilizoandikwa ni chache: daftari la deni, orodha ya kodi, hesabu ya watu. Zote ziliandikwa na mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine. Mfarishi huu uliandikwa na mkewe.

Kodrai na jaribio la mwaka wa 1972

Wapo watakaosema kwamba habari ya huzuni yaweza kumfanya mtazamaji aone sanaa mahali palipo na haja tu. Kwa bahati njema historia ya Gee's Bend yatupa jambo lililo karibu na jaribio la kisayansi.

Katika miaka ya 1960 watu weusi wa wilaya ya Wilcox, ijapokuwa walikuwa wengi kuliko weupe, walizuiwa kujiandikisha kupiga kura. Walipoanza kuvuka mto kwenda Camden kudai haki hiyo, kivuko kiliondolewa mwaka wa 1962, na safari fupi ya majini ikawa mwendo wa saa nzima kwa gari. Kivuko hicho hakikurudi mpaka mwaka wa 2006. Martin Luther King alifika Gee's Bend mwezi wa Februari 1965 na kuwahutubia katika kanisa lao. Baadhi ya waliojiandikisha walifukuzwa kazini au mashambani. Ili kutafuta fedha, kasisi Francis X. Walter, aliyeiona mifarishi imeanikwa kando ya njia mwishoni mwa mwaka wa 1965, aliinunua kwa dola 10 mmoja na kuipeleka New York kwenye mnada. Mwezi wa Machi 1966 wanawake wa Gee's Bend na majirani zao wakaanzisha chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, kikisimamiwa kwa miaka mingi na Estelle Witherspoon.

Mwaka wa 1972 chama hicho kilipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Kitambaa kilikuja kwa wingi, katika rangi za wakati ule: dhahabu, kijani cha mparachichi, chungwa, wekundu wa damu ya mzee, na hudhurungi. Foronya zilitakiwa ziwe sawasawa kabisa, na zilishonwa zikawa sawasawa kabisa. Mabaki yalipelekwa nyumbani, na huko yakawa mifarishi.

Hapa ndipo hoja zote mbili nilizozitaja mwanzoni zinapoanguka. Ikiwa uhaba ndio uliofanya mpangilio, basi wanawake waliopata mabaki yaleyale, ya rangi zilezile, katika mwaka uleule, wangalishona mifarishi inayofanana. Hawakufanya hivyo. Mmoja aliifanya Paa la Nyumba yenye mizunguko minene ya rangi mbili tu. Mwingine alizipanga rangi nne kwa mistari mirefu. Mwingine alivunja muundo katikati na kuanza mwingine. Na ikiwa mistari iliyopinda na pembe zisizo mraba zilitokana na kutoweza, wanawake haohao wasingaliweza kushona foronya zilizopita ukaguzi wa kampuni kubwa. Mkono uliokuwa ukifuata kipimo mchana uliacha kipimo usiku kwa hiari yake.

Kodrai yenyewe yafundisha jambo jingine. Kitambaa hiki kina matuta membamba, na mwanga huyapiga kwa namna mbalimbali kadiri yanavyolala. Kipande kimoja kikilazwa wima na kingine mlalo, rangi ileile huonekana kama mbili, moja nzito na moja nyepesi. Katika Paa la Nyumba, ambamo vipande huzunguka kitovu, jambo hili humpa mshonaji rangi ya tatu na ya nne bila ya kuongeza kitambaa. Tena kwa kuwa kodrai ni nene, haikubali vipande vidogo. Mishono ingekuwa migumu. Kwa hiyo vipande vilikuwa vikubwa, na alama ndogo ikawa na kazi kubwa zaidi: ukanda mmoja wa chungwa katika uwanja wa kijani, mwembamba kuliko wenziwe, huweza kuusogeza mfarishi mzima machoni pa mtazamaji.

Mfano mashuhuri ni mfarishi wa Annie Mae Young wa mwaka wa 1976. Katikati yake mna mistari ya kodrai ya rangi za moto, nyekundu, chungwa na manjano, na kuizunguka kuna upana mkubwa wa jinzi iliyopauka. Nguo mpya ya kiwandani imewekwa ndani, na nguo kuukuu ya shambani imewekwa nje kuilinda. Mtu aweza kuupenda mfarishi huu bila ya kujua historia yoyote. Lakini aliyeijua aona kwamba nyakati mbili za kijiji, wakati wa jembe na wakati wa chama cha ushirika, zimekutanishwa katika kitambaa kimoja.

Tahadhari kuhusu asili

Waandishi wengine wameilinganisha mistari ya Gee's Bend na nguo za Afrika ya Magharibi zilizofumwa kwa kanda nyembamba na kuungwa, kama kente. Ulinganifu waonekana, hasa katika tabia ya kuvunja mfuatano wa rangi kabla jicho halijauzoea. Lakini wanafunzi wa lugha wajua vema kwamba maneno mawili yanayofanana katika lugha mbili si ushahidi wa ukoo, mpaka pawe na ulinganifu wa kanuni na njia ya mapokeo. Mifarishi mingi iliyosalia ni ya kuanzia miaka ya 1920 na 1930; ya zamani zaidi ilitumiwa mpaka ikaisha, na mengine yalichomwa ili moshi wake ufukuze mbu. Mlolongo umekatika. Kadhalika Paa la Nyumba ni jamaa ya muundo ulioshonwa na Wamarekani weupe na weusi tangu karne ya 19. Lililo salama kusema ni kwamba wanawake hawa walipokea miundo iliyokuwa mali ya wengi, wakaitamka kwa lafudhi yao. Lafudhi hiyo, kama ilivyo katika lugha, yasikika katika mambo madogo.

Hata kwetu twajua nguo inayosema. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina lake husomwa na kila ajuaye kusoma. Mfarishi wa Gee's Bend hauna jina lililoandikwa. Kwa hiyo mzigo wote wa kusema umeachiwa rangi, ukubwa wa kipande, na alama zilizobaki katika nguo. Msomaji wake hana budi kuwa mwangalifu zaidi, wala si mlegevu zaidi.

Sifa, fedha na haki

Hoja hii si ya wataalamu peke yao. Mkusanyaji William Arnett, baada ya kuona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young umetandazwa juu ya rundo la kuni, alikwenda Alabama na kununua mifarishi mingi. Maonyesho ya mwaka wa 2002 yalifuata, na mwaka wa 2006 mifarishi 10 ikachapishwa katika stempu za posta za Marekani. Mwaka wa 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi mahakamani kuhusu malipo na matumizi ya kazi na majina yao. Kesi hizo zilikwisha kwa mapatano mwaka wa 2008. Mwaka wa 2014 jumba la sanaa la Metropolitan la New York lilipewa kazi 57 za wasanii weusi wa Kusini, na katika hizo mifarishi 20 ni ya Gee's Bend. Mwaka wa 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa heshima ya taifa kwa mabingwa wa sanaa za jadi.

Twaona kwamba swali la nani aliyeamua rangi ni swali la nani mwenye kazi. Ikiwa umaskini ndio ulioshona, basi hakuna wa kulipwa. Ikiwa kijiji kizima ndicho kilichoshona bila ya mtu mmoja kuamua, basi jina moja ni sawa na jingine, na picha ya mfarishi yaweza kuchapishwa juu ya zulia au kikombe bila ya kuuliza. Lakini ikiwa Missouri Pettway aliuacha wazi uso uliopauka, na ikiwa Annie Mae Young alizizungusha rangi za moto kwa buluu ya shamba, basi kila mmoja ni mtungaji, kama vile mtunzi wa shairi alivyo mtungaji ijapokuwa vina na mizani alivikuta vimekwisha kuwapo.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, alama ndogo katika mifarishi ya Gee's Bend, umbo la mfuko, goti lililopauka, ukanda mwembamba wa rangi kali, zilikuwa zaweza kuondolewa, nazo hazikuondolewa. Pili, wanawake waliopewa kitambaa kimoja walitoa kazi mbalimbali, na walipotakiwa kufuata kipimo walikifuata barabara. Tatu, walikuwa na majina ya miundo yao, na kamba za kuanikia zilizokuwa baraza ya kuhukumiana. Kwa ushahidi huu hatuna haja ya kuomba msaada wa bahati wala wa umaskini ili kueleza uzuri wa kazi zao. Umaskini ulikuwapo, nao uliweka mipaka. Uamuzi ndani ya mipaka ulikuwa wao.

Wenye kutunza makumbusho na maktaba katika nchi zetu wanaweza kuchukua funzo moja la kazi. Nguo inapopokewa, isiandikwe daftarini kwa aina na kipimo chake tu. Iandikwe pia mahali ilipopauka, uzi uliotumika, kilichotolewa na kilichoachwa, na jina la mkono ulioishona. Alama zilizoachwa zina habari ambayo pengine haikuandikwa mahali pengine popote, na nguo ikifuliwa vibaya au ikinyoshwa kwa kupendezesha, habari hiyo haitarudi.